Mistari Chini ya Sahihi

Marehemu baba yangu alijulikana mjini Pangani kwa uchache wa maneno. Akitoka msikitini baada ya isha huketi barazani, tasbihi mkononi, akaitikia salamu za wapitao wala asiongeze neno. Nasi wanawe, tuliokuwa tukiwasikia watoto wa hirimu yetu wakisimulia habari za vita walizohadithiwa na baba zao, tuliamini kwamba yeye, ijapokuwa alivaa sare ya Keya akavuka bahari mpaka Burma, hakukutana huko na jambo la kuhadithiwa. Alipofariki na arobaini yake ikapita, shangazi yangu aliniita ndani akanikabidhi mfuko wa ngozi uliokuwa uvunguni mwa kitanda tangu bibi alipokufa, akaniambia, "Nyaraka hizi baba yako alimwandikia mama yetu. Mimi macho yameniishia; zisome wewe, mwanangu, uliyekwenda skuli."

Skuli niliyokwenda ilinifundisha herufi za Kirumi, na nyaraka za awali, za mwaka 1942 na 1943, zilikuwa za khati za Kiarabu: si mwandiko wa msahafu tuliousoma chuoni, wenye irabu zake zote juu na chini, bali mwandiko wa mkono mwepesi, usio na irabu, ambamo herufi ya be yaweza kuwa b, au p, au mb, na msomaji hana budi awe anakijua Kiswahili cha mwandishi kabla ya kuanza kumsoma. Hivyo ndivyo wapwani walivyoandikiana tangu zamani. Zimehifadhiwa huko Goa nyaraka za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711. Kisha ikaja serikali ya Wajerumani, ikaja ya Waingereza, kazi za ofisini zikataka herufi za Kirumi, na elimu iliyokuwa ya watu wengi ikabaki kwa wazee wachache. Hasara hii naiona kubwa kuliko tunavyokubali kusema, maana tuliopoteza khati za wazee wetu hatukupoteza mashairi na vitabu tu, tumepoteza na mazungumzo ya nyumbani mwetu.

Nikazichukua hadi Tanga kwa mwalimu mmoja wa chuo, mzee aliyekuwa bado akiandikiana hivyo na nduguze, akazisoma kwa sauti nami nikinakili. Aliyesikika mle hakuwa baba niliyemjua. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, aliyepelekwa Ceylon mwaka 1943 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, anayemweleza mamake jinsi alivyosali Ijumaa safu moja na watu asiosikilizana nao lugha, hata walipofika kwenye amin wakaitamka wote kwa sauti moja. Anayetaka kujua ni nani amwanguliaye nazi, na ikiwa ile sehemu ya mshahara wake imefika. Na anayeeleza, kwa maneno ambayo mwalimu alinyamaza kidogo kabla ya kuyatamka, kwamba usiku wa kuamkia Idi alijifunika blanketi gubigubi akalia kwa kutamani mkate wa kumimina wa jikoni kwao.

Kufikia katikati ya mwaka 1944 nyaraka zinageuka. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu, kilichoundwa mwaka 1942, ambacho walimu wake waliwafundisha askari kusoma na kuandika, na huko ndiko baba alikojifunza herufi za Kirumi. Waraka wake wa kwanza wa herufi hizo umeandikwa kwa kalamu ya risasi iliyokandamizwa sana, kila herufi imesimama peke yake. Na maneno yake ni yale ambayo kila mtu huyajua kabla ya kufungua bahasha: mimi ni mzima wa afya, hofu kwenu, nisalimie fulani na fulani. Unaofuata ni vivyo hivyo, na unaofuata huo pia. Nilidhani vita ndivyo vilivyomkausha, mpaka shangazi akanieleza habari nyingine kabisa. Bibi alisoma chuoni utotoni, na waraka wa khati za Kiarabu ulipofika alifunga mlango akausoma peke yake. Bali wa herufi za Kirumi ilimbidi amwite kijana wa skuli, naye akausoma barazani, wanawake wa mtaa wamekaa kwenye majamvi wakisikiliza. Baba alilijua hilo. Akaandika yanayofaa kusikiwa na mtaa mzima.

Lakini katika waraka wa Novemba 1944, chini ya sahihi, ipo mistari mitatu ya khati za Kiarabu, midogo mno, inayoanza kwa bismillahi, na kwa hakika yule kijana wa skuli aliiona kuwa ni dua akaipita, kama alivyoipita mkaguzi wa jeshi. Wakati huo divisheni yao ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, baada ya masika ya kule yaliyofanya njia kuwa tope tupu na kuwalaza askari wengi kwa malaria; mwanzoni mwa Disemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Mwalimu alisoma hivi: "Mama, mwenzangu wa nyumba ya pili amekufa, nami ndiye niliyemzika. Kibla cha huku ni machweo ya jua, si kaskazini kama kwetu; nimemlaza kwa kibla cha huku. Usimwambie mamake mpaka nije nimwambie mwenyewe."

Khabari rasmi ilikuwa haijafika bomani. Bibi yangu aliishi na neno lile miezi kadhaa, nyumba mbili kutoka kwa yule mama, na shangazi akumbuka kwamba kwa muda wote ule alikuwa akizunguka nyuma kupitia kisimani ili asipite mbele ya baraza lake. Baba aliporudi, kabla hajaingia kwao aliingia kule, mfuko wa turubai ungali begani, akakaa mpaka magharibi. Ndipo nilipofahamu kwa nini, katika utoto wetu wote, kila Ijumaa alitutuma tupeleke samaki na mchele kwa kizee yule ambaye tulimwita bibi na ambaye hakuna aliyeweza kutueleza nasaba yetu kwake, na kwa nini Idi hakuvaa nguo mpya kabla kizee hajapelekewa kanga zake.

Huko Taukkyan, karibu na Rangoon, yamechorwa majina ya askari wapatao 27,000 wasio na kaburi linalojulikana. Kaburi la jirani yetu lilijulikana na mtu mmoja, naye hakulitaja ila katika mistari mitatu.

Mpwawe marehemu yule, ambaye sasa ni mtu mzima afanyaye kazi kwenye kivuko cha Bweni, nilimsomea mistari hiyo, naye akaniomba nimpe. Shangazi alisitasita, kwa kuwa karatasi ni moja, juu yake salamu zetu na chini yake maiti wao, na mtu mmoja alitoa shauri ikatwe. Tulikataa sote wawili. Nikanakili salamu katika daftari langu, na waraka wenyewe, mzima, uko kwao.