Nyaya za Simu Ndani ya Kinanda

Katika makanisa ya Iringa na Mbeya nilikoimba na kufanya kazi, nimeona kinanda kikichukua sura tatu. Wengi wakikumbuka mabadiliko hayo husimulia sauti. Mimi hukumbuka kwanza jambo jingine: kikiharibika Jumamosi jioni, nani ataweza kukitengeneza ili Jumapili asubuhi kiimbe?

Kinanda cha utoto wangu, kule Iringa, kilikuwa cha kukanyaga. Wamisionari wa Berlin waliingia nyanda hizi mwaka 1891, mwaka uleule Wamoravian walipofika Rungwe, na muziki wa vitabu vya nyimbo ulikuja nao. Vinanda vilifuata, kimoja kimoja, kwa meli kisha kwa mabega ya watu. Chetu kilikuwa na jina la Mannborg, kiwanda kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 1889 na Msweden aliyeitwa Theodor Mannborg, kikajulikana kwa vinanda vinavyonyonya hewa badala ya kuipuliza. Mpigaji anakanyaga vibao viwili, mivukuto inanyonya hewa ya kisanduku cha ndani, na akibonyeza kii, kifuniko kidogo kinafunguka. Hewa ya kanisani inaingia kwa kasi ikipita kwenye ulimi wa shaba, ulimi unatetemeka, wimbo unaanza. Kii zilikuwa 61. Ukivuta stopu moja unapata sauti nyororo, ukivuta nyingine sauti nzito inaungana nayo, na usawa wa magoti kulikuwa na kibao cha kusukuma kwa goti ili sauti ipande.

Aliyekitunza alikuwa seremala, baba mmoja wa besi ya pili ambaye sisi watoto tulimwita Baba Fundi. Hakuwahi kusomea vinanda. Alikifungua nyuma, akakitazama, akakielewa. Mvukuto ukitoboka aliubandika ngozi laini ya mbuzi kwa gundi ya mbao. Panya wakila kitambaa alishona kingine. Ulimi ukishuka sauti aliukwangua taratibu karibu na ncha ili upande. Ukipanda mno, aliukwangua karibu na shina ili ushuke. Upepo mkavu wa Iringa wa kuanzia Julai ulipasua mbao, naye aliziba nyufa kila mwaka. Baadaye nilipofika Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, niliona vinanda vya aina ileile vikiugua kinyume chake: kii zimevimba na kukwama, ngozi imeota ukungu. Hata huko kulikuwa na seremala.

Mimi, tofauti na maseremala hao, nilijifunza nyaya kwenye simu. Niliajiriwa Shirika la Posta na Simu kama fundi wa kuunga kebo, na shirika lilipogawanywa, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi mwaka 1994, niliendelea na kazi ileile, nikahamishiwa Mbeya. Kazi yenyewe ni ya subira. Ndani ya kebo ya jozi 25 kuna rangi kumi tu: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau upande mmoja, bluu, machungwa, kijani, kahawia na kijivu upande wa pili. Kila rangi ya upande mmoja inaoana na kila rangi ya upande mwingine, na fundi anayezijua kwa moyo anaweza kukaa ndani ya shimo na tochi mdomoni akajua waya gani ni wa nyumba ipi. Niliipenda kazi hiyo, na naipenda hata leo, ingawa simu ya mkononi imeziacha kebo nyingi zikilala ardhini bila sauti.

Ni katika safari ya mafunzo Dar es Salaam ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kinanda cha mabomba, Azania Front, kanisa ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Sikuwahi kufikiri kwamba upepo unaweza kusimama wima namna ile na kujaza jengo. Nilipoanza kusoma habari za vinanda hivyo nilikutana na mtu ambaye sikumtarajia: Robert Hope-Jones, Mwingereza wa mwishoni mwa karne ya 19, aliyekuwa fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya simu. Kabla yake wengine, akina Albert Peschard na Charles Barker huko Ufaransa miaka ya 1860, walikwisha kujaribu kufungua mabomba kwa sumaku za umeme badala ya vijiti na kamba. Hope-Jones aliuleta ujuzi wa simu kanisani. Kii ikawa swichi, waya ukabeba habari, sumaku ikafungua bomba, na mpiga kinanda akaweza kukaa mbali na mabomba yake. Kebo zilikuwa nene, nyaya mamia kwa mamia. Siku hizi bodi ndogo ya elektroniki husoma kii zote mara nyingi kwa sekunde na kupeleka habari kwa kebo moja nyembamba, na kwenye kila sumaku huwekwa dayodi ili mshtuko wa umeme unaotoka sumaku inapoachia usiue transista inayoiendesha. Niliposoma hayo nilijiona niko nyumbani. Hii ilikuwa kazi yangu, tofauti ni kwamba mwisho wa waya pana bomba badala ya sikio la mteja.

Lakini Mbeya hatukuwa na mabomba. Tulikuwa na umeme, ambao baada ya gridi ya Taifa kufika kutoka Kidatu miaka ya 1980 ulianza kuingia makanisani, na pamoja nao kinanda cha plastiki. Sitaki kukidharau kinanda hicho. Kilileta midundo ya ngoma ndani yake, gitaa zikakifuata, na vijana waliokuwa wakisinzia kwenye kwaya za nota ndefu wakajaa mazoezini. Kwaya za Mbeya na Iringa zilirekodi kanda zilizosikika kwenye mabasi mpaka Tunduma. Nyimbo zenyewe zilibadilika: pumzi ya mivukuto ilituzoesha mistari mirefu inayoinuka na kushuka, na mdundo wa mashine ukatuzoesha vipande vifupi, vilivyokatwa sawasawa. Mimi niliimba vyote viwili kwa furaha.

Shida ilianza vinanda hivyo viliposimama. Umeme wetu uliondoka na kurudi kwa nguvu. Mwaka 2006, ukame ulipolipunguzia maji bwawa la Mtera na mgao ukawa wa kila siku, nililetewa vinanda vingi ambavyo kila kimoja kiliungua wakati umeme unarudi. Radi za Mbeya za kuanzia Novemba zikamalizia vilivyobaki. Ukifungua ndani unakuta bodi moja na katikati yake kipande cheusi chenye miguu mingi, kisicho na mchoro wala kipuri. Raba za chini ya kii zikichakaa, hupati nyingine. Walimu wa kwaya walinitazama usoni kama ndugu wa mgonjwa wanavyomtazama daktari, nami nikawajibu kwamba hakuna la kufanya. Jibu hilo Baba Fundi hakuwahi kulitoa kwa mtu. Chumba cha nyuma cha kanisa moja kilijaa vinanda vilivyokufa, vimepangwa ukutani, na usharika ukachangishwa tena kununua kingine.

Basi ushirika mmoja wa Wamoravian, si mbali na Mwanjelwa, Mbeya, waliniita kutazama kinanda chao cha zamani cha kukanyaga. Mivukuto ilikuwa imeoza yote, ndimi nyingi zimeibwa. Mchungaji akaniuliza, "Mzee wetu, hiki tukitoe nje?" Nikamwomba aniachie. Mbao zilikuwa nzima, kii zilikuwa nzima, springi zake bado laini.

Nilitaka kukifanyia kile nilichokisoma kwa Hope-Jones, kwa vifaa vya sasa. Chini ya kila kii nilibandika kipande kidogo cha sumaku, na chini ya sumaku swichi ya kioo ambayo hujifunga sumaku inapoikaribia. Swichi na dayodi ziliagizwa Kariakoo, zikaja kwa basi. Kuvuta waya mmoja mmoja kutoka kii 61 kungewezekana, ila kungekuwa vurugu, kwa hiyo tulizipanga kama gridi, mistari minane kwa minane. Makutano ni 64, yanatosha, na nyaya zinazotoka ni 16 tu. Bodi inapeleka umeme kwenye mstari wa kwanza na kusoma minane inayoukata, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, haraka kuliko kidole chochote.

Gridi ya namna hii ina tabia ambayo mwimbaji wa sauti nne ataijua mara moja. Ukibonyeza kii tatu zilizo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja wa gridi, umeme hupita njia ya nyuma, na pembe ya nne nayo huonekana imebonyezwa. Katika wimbo wa soprano, alto, tena na besi jambo hilo lingetokea kila ubeti, nota ya mzimu ikiingia katikati ya waimbaji. Dawa yake ni dayodi moja kwa kila kii, zote zikielekea upande mmoja, ili umeme usirudi ulikotoka. Niliziunga zote kwa risasi, kwa nyaya nilizotoa kwenye vipande vya kebo ya simu vilivyotupwa. Mstari wa kwanza ni bluu na nyeupe, wa pili machungwa na nyeupe. Yeyote aliyefundishwa simu anaweza kukifungua kinanda kile miaka mingi baada yangu na kukisoma bila kuniuliza.

Programu iliandikwa na kijana wa kwaya aliyesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwenye bodi ya Arduino, ile iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Swichi yoyote hurukaruka kidogo inapofunga, ikijifungua na kujifunga ndani ya milisekunde chache, na akaifundisha bodi isubiri utulivu kabla ya kutamka nota. Habari inatoka kwa MIDI, lugha ambayo viwanda vya vinanda vilikubaliana mwaka 1983. Inakwenda biti 31,250 kwa sekunde, na nota moja huchukua kama milisekunde moja. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye programu ya bure ya GrandOrgue, inaipokea na kutoa sauti ya kinanda cha mabomba iliyorekodiwa Ulaya, bomba moja moja.

Hapo tulibishana kidogo na yule kijana. Sauti alizozipenda zilikuwa zimerekodiwa pamoja na mwangwi wa kanisa kubwa la mawe. Chini ya bati la kwetu mwangwi ule ulikuwa wa uongo. Waimbaji walisimama katika jengo moja na kinanda kikawa katika jengo jingine. Nilisisitiza tutumie sauti kavu, bomba tupu bila kuta zake, na tukaliachia kanisa letu litoe mwangwi wake lenyewe, mdogo na wa kweli. Kile kibao cha goti tulikifungia rezista ya kuzungusha, ile ya vitufe vya sauti vya redio, ili mpigaji apandishe sauti kwa goti kama zamani. Umeme wote unatoka kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na jua, na hakuna waya unaokiunganisha na nguzo ya barabarani.

Wazee walioijua sauti ya mivukuto walisema hii si ile, na ni kweli. Ndimi za shaba zilikuwa na mkwaruzo wa kibinadamu ambao mabomba hayana. Pale Iringa, vijijini, niliitwa kufanya kazi hiihii kwenye kinanda ambacho mivukuto yake ilikuwa na tundu mbili tu. Nilikataa kukifunga nyaya. Niliwaonyesha namna ya kuchagua ngozi na kupika gundi, nikabandika nao, nikaondoka. Kinachopumua kiachwe kipumue.

Ndani ya mlango wa nyuma wa kinanda cha Mbeya nimebandika mchoro wa nyaya zote, rangi zote, kwa Kiswahili. Binti mmoja wa alto, fundi redio kwa kazi yake ya kila siku, aliusoma mwenyewe kii moja ilipokufa; akapima kwa mita, akakuta dayodi imeachia, akaiunga upya, na mimi nikasikia habari hizo wiki iliyofuata. Sasa ndiye anayeongoza kazi ya pedali. Zitakuwa 30, za mbao ngumu, kwenye gridi iliyopanuliwa: mistari minne mipya ikikata minane iliyopo, makutano 32. Bodi tuliyonayo ina miguu 54 na gridi ya kii imetumia 16, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachomchelewesha ni mbao, anataka zikauke kabisa kabla hajatoboa tundu la kwanza.