Barawa Ilipokombolewa Mara Nyingi

Vitabu vya vita vya Somalia huutaja mji wetu kwa sentensi moja: Barawa ilitwaliwa, ikapotea, ikatwaliwa tena. Sina ugomvi na waandishi. Barawa haikuwa shabaha ya yeyote. Ipo pwani, kama kilomita 200 kusini-magharibi ya Mogadishu, na walioondoka huko wakielekea Kismayu, au waliorudi kutoka Kismayu wakiitamani Mogadishu, walishuka kwetu kujaza matangi na matumbo.

Rais Siad Barre alikimbia mji mkuu mwishoni mwa Januari 1991 pamoja na mabaki ya jeshi lake. Hao ndio waliotangulia kutufikia. Walikuwa bado na sare, bado wanajiita serikali, na sisi tulikuwa bado na mazoea ya kuitii. Waliomba dizeli, wakapewa. Waliomba magari, wakapewa. Baada ya hapo hawakuomba tena.

Nyuma yao wakaja wapiganaji wa USC, chama kilichomtimua Barre. Wazee walitoka kuwalaki kwa buni zilizokaangwa kwa samli, heshima anayofanyiwa mgeni kwetu. Mkubwa wao akatutangazia kwamba tumekombolewa, na vijana wakapiga makofi, nami nilikuwamo. Usiku huo huo wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba, mtaa wa Mpai kwanza, kisha Biruni.

Walichouliza kilikuwa kimoja: dhahabu iko wapi? Hawakuamini kwamba mshona makubadhi au mfuma vitambaa hana kitu. Katika vita vile bima ya mtu ilikuwa ukoo wake. Msomali wa ukoo mkubwa akiuawa, wapo watakaokuja na pikapu yenye mzinga kumlipizia. Mbarawa akiuawa, anazikwa, matanga yanakaliwa, basi. Karne kadhaa tumesifiwa kwa elimu, biashara na mikono myepesi ya kudarizi kofia, na sifa hizo ndizo zilizowafanya wenye bunduki watuone ghala lisilo na mlinzi.

Nyanya yangu aliwahi. Kabla hajaja wa kwanza alikwisha kuwavua wajukuu wote vipuli na bangili, akavifunga kwenye kitambaa na kuvitumbukiza chooni. Alikuwa ameirithi habari ya mwaka 1507, Wareno wa Tristão da Cunha walipouvamia mji, wakawakata wanawake mikono na masikio kwa kuona kuvua mapambo kunachelewesha. Habari hiyo wameiandika Wareno wenyewe, si uzushi wa vikongwe. Yaliyowapata wanawake wetu mwaka 1991 siyaandiki. Walio hai wana haki ya kuyasema au kuyanyamazia.

Halafu upepo ukageuka. Wafuasi wa Barre na washirika wao wakajipanga upya, wakasonga kaskazini hadi wakaikaribia Mogadishu. Barawa ikakombolewa tena, safari hii kutoka kwa waliotukomboa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Hawa walitaka kujua nani aliwapa USC buni, na mzee mmoja aliyekuwa amebeba sinia alichapwa mbele ya wanawe. Aprili USC wakawarudisha nyuma, wakapita tena kwetu na kuendelea hadi wakaitwaa Kismayu. Kila zamu ilikuta kidogo kuliko iliyotangulia. Dhahabu na fedha zilipokwisha zikafuata cherehani, zikafuata mabati, zikafuata milango. Zana za baba za kushonea viatu zilichukuliwa na kijana ambaye, naapa, hakujua zinafanya nini.

Nimewahi kuona ramani ya mapigano yale, mishale inapanda na kushuka pwani. Mishale ni sahihi. Lakini ukiitazama utadhani kila mmoja ulielekea kwa adui, na ninavyokumbuka mimi majeshi hayo yalikutana mjini kwetu mara chache mno. Aghalabu wa kwanza waliondoka na mizigo yao kabla wa pili hawajafika, na katikati tukabaki sisi.

Njia iliyosalia ilikuwa bahari, nayo ina ratiba yake. Kaskazi inakusukuma hadi Mombasa. Kusi ikishaanza, Barawa haina bandari ya kukuhifadhi, ila mwamba na mawimbi. Manahodha walilijua hilo na bei ikapanda kila siku. Mjomba alifungwa kamba akateremshwa chooni, na kitambaa cha nyanya kikatulipia nauli. Jirani zetu waliowahi kutoa dhahabu yao ili wasiuawe walibaki ufukweni, hawana cha kumpa nahodha. Sisi tulifika Mombasa, tukaishia kambi ya wakimbizi ya Swaleh Nguru.

Oktoba 2014 jeshi la serikali ya Somalia na askari wa Umoja wa Afrika waliingia Barawa, wakaitoa mikononi mwa wanamgambo wa al-Shabaab. Redio zikasema imekombolewa. Wanangu, waliozaliwa Kenya, walishangilia. Dada yangu mkubwa akauliza kama wakombozi wameshaondoka. Leo kwenye karatasi Barawa ni makao makuu ya jimbo la Kusini-Magharibi, ingawa shughuli zinaendeshwa Baidoa. Nyumba yetu ya Mpai inakaliwa na watu walioingia miaka ya vita. Binamu aliyekwenda kuwaona alipokewa vizuri, akakirimiwa chai, akaambiwa kwamba ikiwa tunaitaka, wao wako tayari kutuuzia.