Jina lililozimwa

Kasongo, Jumatano 17 Januari 2024

Sikukuu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Mvua ilinyesha mchana kutwa, lakini jioni kijana wa ukumbi wa video aliwasha jenereta, tukaangalia Lumumba ya Raoul Peck, filamu ya mwaka 2000. Nakala yake ni ya Kiingereza, ameletewa kwenye flashi na ndugu yake aliyeko Marekani. Eriq Ebouaney anamwigiza Patrice vizuri hata wazee wakawa wanamwitikia. Kikafika kile kikao ambapo Wabelgiji, Wamarekani na wanasiasa wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) wanaamua hatima yake. Mmarekani mmoja akaitwa, na papo hapo jina lake likazimika. Watu wakalalamikia spika.

"Papa Mwalimu, spika ni nzima," kijana aliniambia. "Ni filamu yenyewe."

Alhamisi 18 Januari

Jina lililozimwa ni la Frank Carlucci. Mwaka 1960 alikuwa katibu wa pili wa ubalozi wa Marekani Léopoldville. Kuanzia 1987 hadi 1989 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais Reagan. Alikana kuhusika na kifo cha Lumumba. Televisheni ya HBO ya Marekani ilipoonyesha filamu hiyo mwaka 2002, kwa kuhofia mashtaka jina lake lilizimwa katika mazungumzo na kufunikwa katika orodha ya mwisho. Kikao chenyewe hakikukatwa. Mtu yupo, anaonekana, ila hana jina.

Hilo ndilo linaloniuma. Wangekata kikao kizima, mtazamaji angeweza kuhisi pengo na kuuliza. Na kama Carlucci aliona amesingiziwa, alikuwa na mdomo, magazeti na wanasheria. Kukana kwake kungeandikwa mwanzoni mwa filamu, tukasoma pande zote mbili. Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, miili yao ikayeyushwa kwa asidi. Ubelgiji ilirudisha jino moja tu, Juni 2022. Watu waliofanyiwa hivyo hawakupata mwanasheria wa kulinda majina yao.

Jumapili 21 Januari

Baada ya misa nimefikiria mikato ya aina nyingine, ile ya kufupisha. Hiyo siilaumu. Filamu haifiki saa mbili, na ilirekodiwa Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu huku kwetu kulikuwa na vita. Maisha yote ya Patrice hayangeenea humo. Lakini kabla ya kwenda Stanleyville (Kisangani ya leo), mwaka 1944, alifanya kazi Kalima, kwenye kampuni ya bati ya Symétain, hapa hapa Maniema. Ningepewa nafasi ya kurefusha sehemu moja, ningerefusha hiyo: kijana wa Sankuru katikati ya wachimbaji, akiona nani anachimba na nani anapokea fedha. Vijana wanaochimba dhahabu Salamabila wangeielewa bila kuelezwa neno.

Kabambare, Jumamosi 27 Januari

Nimefika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Mwalimu mwenzangu wa hapa ana nakala ya Kifaransa. Tumeiangalia kwenye kompyuta yake pamoja na wazee wa jirani, na kwenye kile kikao jina limesikika wazi: Carlucci.

Wazee hawakushtushwa na jina. Walishtuka filamu ilipokwisha. "Na sisi?" mmoja akauliza. Kwao kifo cha Lumumba hakikuishia Katanga. Kilifika hapa mwaka 1964, waasi wa Simba wa Soumialot walipopita, Kindu ikaanguka mwezi Julai, kisha jeshi la serikali likarudi na watu wakakimbilia porini. Walisimulia hadi betri ya kompyuta ikaisha, wakaendelea gizani: nani alichukuliwa, kijiji kipi kiliteketezwa, nani hakurudi. Niliandika majina yote waliyonitajia. Wanaoyakumbuka hayo wamebaki wachache.

Nimenakili filamu ya Kifaransa. Mwezi ujao nitawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa sita, na baada yake nitawasomea masimulizi ya Kabambare, majina yote yakiwemo.