Magazini Haitaki Kushiba

Bunduki ikikataa kulia, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyeishika. Hiyo ni sheria ya kila jeshi nililowahi kusoma habari zake, na ukichunguza utaona ni sheria ya maofisini, ya madarasani na ya majikoni pia. Chombo hakisemi. Mtu ndiye mwenye masikio ya kuvutwa. Leo nataka kuandika juu ya chombo kimoja kilichowafanya watu wengi waonekane wazembe, kumbe kosa lilikuwa limejikalia ndani ya kikebe cha bati. Chombo chenyewe ni Sten, bunduki ndogo ya rashasha ya Waingereza katika Vita Kuu ya Pili.

Ndugu msomaji, usikunje uso. Mimi si mpenzi wa silaha, na siandiki ili mtu ashike moja. Naandika kwa sababu ndani ya bunduki hii kuna somo juu ya lawama, na somo hilo linatuhusu hata sisi ambao silaha yetu ni kalamu ya Bic.

Mwaka 1940 jeshi la Uingereza lilitimuliwa Ufaransa, likavuka bahari kutoka Dunkirk likiwa limeacha nyuma silaha nyingi. Bunduki za Thompson walizokuwa wakinunua Marekani zilikuwa nzuri, lakini bei yake si mchezo. Ikatakiwa kitu cha haraka na cha rahisi. Mwaka 1941 Reginald Shepherd na Harold Turpin wakakileta: S na T za majina yao zikaungwa na EN ya Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali, ikawa Sten. Bomba la chuma, springi, bolti, mtutu, basi. Vipande vyake viliweza kutengenezwa hata kwenye karakana ndogo ndogo. Hadi vita vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa kiasi cha milioni 4. Askari wa Kiingereza wenyewe waliicheka, wakasema hii ni kazi ya fundi bomba.

Sasa Sten inakulaje? Bolti hukaa nyuma ikisubiri. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma mbele. Ikipita mdomoni mwa magazini inachukua risasi moja, inaiingiza chemba, inailipua, kisha nguvu ya mlipuko inairudisha bolti nyuma na ganda linatupwa nje. Halafu tena, na tena, kiasi cha mara 500 kwa dakika kama kidole hakikuachia. Mambo yote hayo yanategemea kitu kimoja tu: kila bolti inapopita, ikute risasi imesimama mahali pake, kwa pembe yake.

Na hapo ndipo penye balaa. Magazini ya Sten inachomoza ubavuni, upande wa kushoto. Ndani zinapangwa risasi 32 za milimita 9, safu mbili zinazopishana. Lakini mdomoni zinatakiwa zitoke moja moja, katikati. Kwa hiyo safu mbili zinalazimishwa kuwa moja, kama abiria wa daladala mbili wanaogombea mlango mmoja. Muundo huo uliigwa kwa Wajerumani, kwenye bunduki yao ya MP 28, na Wajerumani wenyewe ulikuwa unawatesa.

Mchanga kidogo ukiingia, msuguano unazidi pale pale penye msongamano. Springi inachelewa kusukuma, bolti inapita patupu. Ile midomo ya magazini, yaani kingo mbili za bati zinazoishika risasi ya juu, ikibonyea kidogo tu kwa kuangushwa, pembe inabadilika. Risasi badala ya kuingia chemba inagonga ukingo na kubaki hapo imekodoa macho. Ukishindilia risasi zote 32, springi inabanwa mno, mambo yanagoma tangu ya kwanza. Na ukiishika bunduki kwa kuikamata magazini, kama wafanyavyo mashujaa wa sinema, unailegeza pale ilipochomekwa, inaanza kuinama.

Maradhi manne, lakini dalili mara nyingi ni ile ile: risasi imekwama mbele ya chemba, na mtu mmoja amesimama nyuma yake anatokwa jasho. Aliye mbali haoni magazini. Anamwona mtu.

Haya sikuyapata kwanza kitabuni. Niliyapata kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, katika batalioni moja ya Tanganyika. Walikuwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakafanyia mazoezi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 wakaingia Burma na kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini. Babu alifariki mwaka 2009. Wajukuu wa kiume walipenda awasimulie mapigano, naye hakupenda. Kwangu mimi alisimulia kukwama.

"Mke wangu," alikuwa akiniambia, kwa utani wa babu na mjukuu, "magazini ni kama tumbo la mtoto mchanga. Ukilishindilia, linatapika."

Yeye na wenzake walijaza 28, siku nyingine 30, kamwe si 32. Hakuna aliyewaamrisha. Baadaye nilipoanza kusoma nikakuta kwamba desturi hiyo ilienea kwa askari wengi walioshika Sten, weupe kwa weusi. Kiwanda kilisema 32, vidole vya watu vikasema 28. Hiyo ni elimu, tena elimu ya watu wa chini kabisa, ambao hawakuulizwa walipokuwa wanachorewa bunduki.

Kisa kimoja alikirudia mara nyingi. Kule Ceylon, uwanjani kwa shabaha, bunduki ya rafiki yake ilikwama mara tatu mbele ya ofisa wao Mwingereza. Ofisa hakuitazama bunduki. Alimtazama mtu, akamwita mzembe, mtu asiyejua kusafisha silaha, akamtupia fatiki ya wiki nzima: kuchimba vyoo na kubeba mawe. Rafiki alikuwa ameisafisha ile bunduki hadi inameremeta. Angejieleza kwa lugha gani? Na nani angesikiliza?

Jioni babu akamwambia, "Hebu tubadilishane magazini. Bunduki kila mtu abaki na yake."

Kesho yake ya rafiki ikalia kama cherehani. Ya babu ikakabwa.

Maradhi yalikuwa yamehama na magazini. Wakaichora alama kwa msumari, wakampelekea sajini wao, Mwafrika mwenzao, mtu wa maneno machache. Sajini akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye midomo, akaona upande mmoja umebonyea, kidogo tu, mtu asingejua kama hajaambiwa atafute. Magazini ikatupwa. Lakini fatiki haikufutwa. Ofisa aliambiwa, akasema amri imeshatoka. Rafiki yake babu akamaliza siku zake zote akichimba vyoo kwa kosa la bati.

Hapo nilikuwa nauliza, "Sasa babu, mlifanya nini?" Naye anajibu, "Tulifanya nini? Tulijua." Nilipokuwa mdogo jibu hilo liliniudhi. Siku hizi naliona zito kuliko hadithi nzima.

Kukwama uwanjani kwa shabaha kulizaa aibu na fatiki. Kwingine kulipimwa kwa roho za watu. Tarehe 27 Mei 1942, jijini Prague, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, askari wa Kichekoslovakia waliotumwa kutoka Uingereza, walimvizia Reinhard Heydrich, mkubwa wa Wanazi aliyekuwa akiwatawala Wacheki. Gari likapunguza mwendo kwenye kona. Gabčík akasimama mbele yake, akainua Sten, akavuta kifyatulio. Kimya. Bomu alilorusha Kubiš ndilo lililomjeruhi Heydrich, akafa tarehe 4 Juni. Kisha kikafuata kisasi: tarehe 10 Juni Wanazi walikiangamiza kijiji cha Lidice, wanaume 173 wakapigwa risasi siku hiyo moja. Tarehe 18 Juni Gabčík na Kubiš wakafa baada ya kuvamiwa kanisani walikokuwa wamejificha. Kwa nini Sten ile haikulia, watu wanabishana hadi leo. Mimi huwaza zaidi juu ya yule kijana katika nukta ile moja, dunia nzima iko kwenye kidole chake, na chuma kimemnyamazia.

Dawa ilikuja kupatikana, tena si kwa kumtia askari adabu. Kwanza walijaribu sura. Mwaka 1944 ikatoka Sten ya Mark V, imevishwa kitako cha mbao, imepigwa msasa vizuri, inapendeza. Magazini ile ile! Wameibadilishia nguo, chakula wamekiacha kwenye sahani ile ile iliyopasuka. Aliyetatua ni fundi mwingine, George Patchett. Magazini yake ilipinda kama mundu, ilibeba risasi 34, nazo zilitoka kwa zamu, moja kushoto moja kulia, bila kubanana kwenye mlango mmoja. Ndani, kwenye kisukumio, akaweka vigurudumu ili zisogee bila kukwaruzana. Mwaka 1953 jeshi la Uingereza likaipokea bunduki yake, ikaitwa Sterling, ikasifiwa kwa kutokwama. Vidole vya askari havikubadilika. Kumbe havikuwa na kosa.

Najua kuna atakayeniletea methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kweli, wapo wazembe, na babu hakuwatetea. Alisema wapo waliotupa magazini matopeni kisha wakailaani serikali. Ndiyo maana naipenda njia yake. Hakuanza na huruma wala hasira. Alibadilisha kitu kimoja, vingine vyote akaviacha, halafu akatazama maradhi yanakwenda wapi. Yangebaki kwa rafiki yake, basi rafiki angebeba mzigo wake. Yakahama. Mahakama ngapi za mitaani zinafanya hata hivyo?

Neno lenyewe, magazini, limetembea sana. Wazungu walilitoa kwa Waarabu, makhazin, maana yake maghala. Mzizi huo huo ndio uliotuzalia sisi hazina. Na Mwingereza hulitumia neno hilo hilo kwa jarida kama hili ulilolishika. Ghala la risasi, ghala la hadithi. Yote mawili yana mlango mdogo, na yote mawili hutoa kile tu yalicholishwa.

Ndiyo nasema linatuhusu. Nimekaa kwenye vikao vyetu vya kusomeana kazi. Kijana anasimama, anasoma, hadithi inakwama katikati, na washikaji wanaguna: huyu hana kipaji. Mwingine anaongeza kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Hakuna anayeuliza amesoma vitabu vingapi na alivipata wapi. Maktaba iko umbali gani na kwao? Riwaya moja ni nauli ya siku ngapi? Anaandikia chumba kipi, na wangapi wamelala humo? Tunaitazama chemba, tunamtazama mtu anavyotokwa jasho, tumeshatoa hukumu. Na yule mwenye vitabu kabatini, ambaye kila kikao anasifiwa, hatujawahi kumwambia abadilishane na mwenzake japo kwa mwezi mmoja, tuone maradhi yanahamia wapi.

Mimi naomba tufanye hivyo. Si jambo kubwa: kila anayekuja na kitabu chake aondoke na cha mwenzake, na anayeishi kwenye nyumba yenye kelele apewe meza pale kwa mwenye nafasi, hata jioni mbili kwa wiki. Baada ya hapo, akikwama tena, tutasema naye. Lakini kabla ya kumtupia mtu fatiki, badilisha magazini kwanza.