Manowari yenye jina la mto wa Garissa

Msafiri atokaye Nairobi huufikia mji wa Garissa baada ya kilomita zipatazo 370, akiwa amepita Thika, Mwingi na vichaka vya miiba visivyokwisha. Kwanza ni Madogo, kisha daraja la mto Tana, halafu mji wenyewe.

Nilishuka Madogo nikavuka daraja kwa miguu. Chini maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na wavulana walikuwa wakinywesha mbuzi. Kando yao alikaa mzee mmoja na bakora yake. Nikamtolea salamu, tukaanza mazungumzo. Nilipomwambia kwamba huko Mombasa kuna meli ya jeshi iliyopewa jina la mto huu, alicheka hadi akakohoa.

"Meli ya vita, kijana? Na hapa hata mtumbwi ni shida?"

Lakini ni kweli, msomaji. KNS Tana na mwenzake KNS Galana zilijengwa Uhispania, zikaanza kazi mwaka 1994 katika Jeshi la Wanamaji, ambalo makao yake ni Mtongwe. Usidhani ni destroya, zile manowari kubwa za mataifa tajiri. Kenya haijapata kuwa nayo hata moja. Tana ni chombo cha kubebea askari, magari na shehena. Urefu wake unapita mita 60, na mlango wake wa mbele huteremshwa ufuoni, gari likatoka kama linashuka feri ya Likoni. Meno yalikuwa kwa wenzake, KNS Nyayo na KNS Umoja. Hizo zilitoka Uingereza zikiwa na mzinga wa milimita 76, makombora ya Otomat kutoka Italia, na mbio za kufikia noti 40.

Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya walipoingia Somalia, kuna misafara iliyopita nchi kavu upande huu wa Liboi. Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba 2012, wenzao walitua kutoka baharini karibu na Kismayu. Gharama ya vita hivyo Garissa inaijua. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakidai wanalipiza kisasi kwa kuwapo kwa majeshi hayo Somalia. Mzee hakutaka kuizungumzia siku hiyo. Alielekeza tu bakora upande wa chuo, akanyamaza.

Alichotaka kujua ni jambo jingine.

"Hiyo meli yenu ilikuwa wapi wakati wa mafuriko ya 2024?"

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Tana ulivunja kingo zake ukaikata barabara ya Madogo. Abiria wakawa wanavushwa kwa maboti, na moja lililosheheni watu likapinduka. Wengine hawakuonekana tena wakiwa hai.

Nilijaribu kumweleza. Meli ya baharini haiwezi kupanda mto huu kutoka Kipini: mchanga ni mwingi, na kina chake hubadilika kila msimu. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza.

"Basi wangetuletea hata kiboti chake kimoja tu," alisema, akainuka kuwafuata mbuzi wake.