Mashine ya Kukimbia Bila Kufika

Ilishushwa kutoka juu ya basi la Mwanza pale stendi ya Bariadi, imefungwa kamba miguu yote kama mbuzi wa mahari. Ilikuwa mashine ya kukimbilia, ile ambayo wenye nafasi huipanda humo humo ndani ya nyumba mpaka jasho liwatoke. Mkanda wake ulikuwa umechanika na kadi ya umeme imeungua, kwa hiyo muuza chuma chakavu aliniuzia kwa kilo. Hela niliyotoa, kwa haki kabisa, ilikuwa ya kununulia kaunta buku za riwaya yangu.

Bibi aliizunguka pale uani, akauliza kazi yake. Nikamweleza.

"Yaani mtu analipa ili akimbie asifike?"

Nilicheka, lakini bibi hakuwa mbali na ukweli. Mashine za kukanyaga bila kufika zilianza kutumika katika magereza ya Uingereza mwaka 1818, zikibuniwa na mhandisi William Cubitt, na wafungwa walizikanyaga saa nyingi kama adhabu hadi zilipoondolewa kwa sheria ya magereza ya 1898. Mwandishi Oscar Wilde, aliyefungwa mwaka 1895, naye alizionja. Waandishi wenzangu, tukumbuke hilo siku tunapolalamika kwamba riwaya haisogei.

Mimi nilichotaka ni mota tu.

Mjomba wangu ni seremala. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao makuu yake, watu wanajenga, na anayejenga anataka kitanda. Mjomba hukereza miguu ya vitanda kwa mninga. Mashine yake ya kukerezea ilikuwa rimu ya baiskeli ya Phoenix iliyofungwa kwenye fremu ya mbao, yenye mkono wa kuzungushia na mkanda wa mpira. Mmoja anazungusha, mwingine anashika patasi. Mzungushaji nilikuwa mimi tangu nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja jinsi yalivyokuja. Shilingi mia tatu kwa mguu mmoja. Nikichoka, mdogo wangu wa darasa la sita ananipokea, na hela ya daftari inapatikana. Usiku bega likiwaka moto, kalamu ilikuwa haishikiki. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua ile mashine, mengine niliyomwambia mjomba yalikuwa maneno ya sokoni.

Mota ilitoka nzito kama jiwe la kusagia. Ndani ina sumaku za kudumu na kaboni mbili. Kibao chake kiliandikwa volti 180, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za volti 230, ambazo umeme wake hugeuka mwelekeo mara kwa mara, haizunguki: inaguna tu mpaka iungue. Nilianza na betri ya bodaboda, volti 12. Ikazunguka taratibu, kama mtu anayeamka. Kisha nikafanya kinyume: nikafunga kitaa kidogo cha tochi kwenye nyaya zake na kuuzungusha mhimili kwa mkono. Kitaa kikawaka! Mdogo wangu alirudia mchezo huo mpaka giza likaingia.

Fundi redio mmoja akanifungia dayodi nne za kuunyoosha umeme, na mbele yake swichi kubwa ya kupunguzia mwendo, ili mota ianzie chini kabisa. Nikaifunga kwenye benchi la mjomba. Ikazunguka kinyume. Gogo likawa linaipandisha patasi juu badala ya kuisukuma chini kwenye kiegemeo. Nikajiona mjanja: mota ya aina hii ukibadilishana nyaya mbili tu, inageuza mwelekeo. Nikabadilishana. Mjomba akasema, "Haya, fundi." Neno hilo hakuwahi kuniita.

Sasa sikilizeni. Kwenye mhimili wa mota ile kuna gurudumu zito la chuma, ambalo linavuta mkanda na pia linapuliza upepo wa kuipoza. Halikuchomelewa. Limekazwa kama nati, na nyuzi zake zimekatwa kushoto, ili mota inapozunguka upande wake wa kawaida gurudumu lijikaze lenyewe. Mimi niliigeuza. Kila nilipoongeza mwendo, nilikuwa ninalifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Sikuliona likitoka. Nilisikia mlio, kisha kishindo, kisha vumbi la udongo. Gurudumu lilikuwa limezama ukutani, shubiri mbili kutoka kichwa cha mdogo wangu, ambaye alikuwa amechuchumaa akiokota randa za kuwashia moto.

Mjomba hakunifokea. Alichomoa umeme, akalitoa gurudumu ukutani, akanikabidhi. "Leo tungekuwa msibani," akasema, akaenda kukaa nje. Ningependa angenipiga.

Wiki nzima sikugusa kitu, wala sikuandika. Nililala na lile gurudumu chini ya kitanda. Usiku mmoja nikalivalisha kwenye mhimili polepole, nikalizungusha kwa kidole, ndipo nikaelewa. Dawa ilikuwa rahisi mpaka inatia hasira: rudisha nyaya zilivyokuwa, kisha geuza mota yenyewe, mbele iwe nyuma. Mota inazunguka upande wake, gogo linazunguka upande wetu. Juu yake nikafunga kava la bati nene. Siku ya kuijaribu nilimtuma mdogo wangu dukani, tena duka la mbali.

Inafanya kazi hadi leo. Miguu minne ya kitanda inaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kitu kimoja sikukipigia hesabu. Mia tatu zangu zilikwisha siku hiyo hiyo, maana mota hailipwi. Bega limepona, usiku ninaandika, ila kaunta buku ninakopa. Mdogo wangu naye aliniuliza, bila hasira, "Kaka, sasa mimi nitazungusha nini?" Sikumjibu.

Juzi uniti za LUKU ziliisha mguu ukiwa nusu, na mwenye kitanda amesimama mlangoni. Mjomba akatutazama. Mdogo wangu akaivuta ile rimu ya Phoenix kutoka nyuma ya banda, akaipuliza vumbi, akashika mkono wa kuzungushia. Hakuanza.

"Siku hizi ni mia tano, mjomba."