Donald Pinkel, Tabibu wa Watoto

Kazi ya tabibu ni kumtazama mgonjwa aliye mbele yake. Kazi ya mchunguzi ni kutazama wagonjwa wengi pamoja, hata na wale ambao hawajazaliwa bado. Ni vigumu mtu mmoja kuzichukua kazi hizi mbili, kwa maana mzazi ataka mwanawe apone leo, na uchunguzi hutaka miaka. Lakini wako waliozichukua zote mbili, na mmoja wao alikuwa Donald Pinkel wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Buffalo, akajifunza utabibu humo humo. Mwaka 1954, alipokuwa tabibu wa jeshi, alishikwa na ugonjwa wa polio, akalala kitandani siku nyingi. Hata alipopata nguvu akairudia kazi yake ya kuwatibu watoto.

Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali mpya katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Mwanzilishi wake, mchekeshaji Danny Thomas, aliiita kwa jina la Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa waliokata tamaa. Pinkel akawa mkuu wake wa kwanza. Siku zile, katika majimbo ya kusini, watu weusi walitengwa na weupe. Lakini hapo watoto wa kila rangi walitibiwa pamoja, wala wazazi hawakudaiwa malipo.

Wakati ule, katika watoto 100 wenye saratani ya damu, waliopona walikuwa kama 4 tu. Dawa zilikuwako. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alionyesha ya kuwa dawa yaweza kuufukuza ugonjwa huu kwa muda. Lakini baada ya miezi michache ulirudi, na mtoto akafa. Kwa hiyo matabibu wengi waliona ni heri kumwacha mtoto afe kwa amani kuliko kumtesa kwa dawa kali. Neno hili halikuwa la upumbavu. Lilitoka katika huruma.

Pinkel akauliza: ugonjwa hujificha wapi? Ikaonekana ya kuwa mara nyingi hurudi kwa njia ya ubongo, kwa sababu dawa zinazokwenda katika damu hazifiki huko kwa urahisi. Ni kama mkulima aliyeng'oa magugu katikati ya shamba, akayaacha ya mpakani. Basi yeye na wenzake wakaziunganisha silaha zote: kwanza dawa kadhaa kwa wakati mmoja, kisha dawa katika maji ya uti wa mgongo, pamoja na mionzi kichwani, kisha dawa za kuendelea kwa miaka miwili au mitatu. Wakajaribu, wakapima, wakaandika, wakageuza, mara ya kwanza hata ya nne, na watoto wengi waliowatunza kwa mikono yao bado walikufa. Katika jaribio la tano, lililoanza mwaka 1967, karibu nusu ya watoto walipona.

Hata kupona kukaleta swali jipya. Mionzi iliwadhuru wengine ubongo, wakapata shida katika masomo. Basi waliomfuata Pinkel wakaendelea kuchunguza, hata wakaweza kuiacha mionzi kwa watoto walio wengi.

Pinkel alifariki mwaka 2022, mwenye umri wa miaka 95. Siku hizi, katika nchi zenye hospitali na dawa za kutosha, katika watoto 100 wenye ugonjwa huo karibu 90 hupona. Katika nchi maskini hupona wachache zaidi. Si kwamba elimu haipo, bali wengi hufika hospitalini wamechelewa, au dawa hukosekana.

Haba na haba hujaza kibaba. Habari za kila mtoto aliyetibiwa miaka ile, aliyepona na aliyekufa, ziliandikwa daftarini. Na kwa daftari zile watoto wengine wakapata uzima.